Msamaha wa Rais: nani anatoka, nani anabaki rumande



Kila ikikaribia Aprili 26 au Desemba 9 kitaani swali ni lile lile: mwaka huu Rais kaachia wangapi, na wa kwetu yumo? Kesho yake magazeti yanatoka na namba kubwa, elfu tano, elfu nane, watu wanafurahi. Halafu kuna mama anafunga safari mpaka Segerea au Keko na mfuko wa nguo za mwanawe, anafika getini anaambiwa, mama huyu hayumo, huyu bado ni mahabusu. Mama haelewi. Kasikia kwenye redio wamesamehewa hata waliokuwa wanyongwe, sasa mwanawe aliyedaiwa kuiba betri ya gari anashindikanaje?

Hiyo ndiyo sababu nimekaa kuandika hii. Watu wengi hatujui msamaha unafanyaje kazi, na kutojua kunatugharimu. Nimejaribu kuweka kila kitu sehemu moja. Ni ndefu kidogo, kama muda wako pale cafe unakimbia iprinti ukasome nyumbani.

MSAMAHA UNATOKA WAPI

Unatoka kwenye Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, Ibara ya 45. Ibara hiyo inampa Rais mambo manne. Anaweza kumsamehe mtu, kwa masharti au bila masharti yoyote. Anaweza kumwachia asitumikie adhabu, ama moja kwa moja ama kwa muda fulani. Anaweza kuigeuza adhabu iwe nyepesi zaidi, mfano kunyongwa ikawa kifungo cha maisha. Na anaweza kuifuta adhabu yote au kipande chake. Rais wa Zanzibar naye ana mamlaka ya namna hiyo kwa Katiba ya Zanzibar ya 1984, ndio maana kule utasikia msamaha zaidi wakati wa sherehe za Mapinduzi, Januari 12.

Sasa hapa ndipo penyewe. Ibara inamzungumzia mtu ambaye mahakama imeshamtia hatiani. Soma tena. Sio mtuhumiwa, sio aliyekamatwa jana, sio anayesubiri upelelezi ukamilike mwaka wa nne. Ni aliyehukumiwa. Na ukifikiria ina mantiki yake, maana huwezi kumsamehe mtu kosa ambalo hakuna aliyethibitisha kuwa kalitenda. Ila matokeo yake kwenye nchi ambayo kesi zinachelewa ni ya ajabu sana, nitafika huko.

Watu pia wanachanganya msamaha na vitu vingine vitatu, kwa hiyo tuvitenganishe kabisa. Kushinda rufaa ni mahakama ya juu kusema ile ya chini ilikosea, unatoka ukiwa safi. Kufutiwa mashtaka ni Mkurugenzi wa Mashtaka, yaani DPP, kusema hataki kuendelea na kesi, unatoka ila kisheria anaweza kukurudisha kesho, na wapo walioachiwa chumba cha mahakama wakakamatwa tena kabla hawajafika barabarani. Na kuna lile punguzo la theluthi moja linalotolewa kwa Sheria ya Magereza, kifungu cha 49, kwa mfungwa mwenye tabia njema. Hilo halimsubiri Rais wala sikukuu. Msamaha wa Rais ni kitu cha nne: unaondoa adhabu, lakini hausemi kwamba ulionewa.

TANGAZO LINASOMEKAJE

Ukilisoma tangazo lenyewe, sio kichwa cha habari, utakuta kundi kubwa wanapata punguzo la robo ya adhabu baada ya kutoa ile theluthi ya kawaida. Tupige hesabu. Jamaa kafungwa miaka mitatu, miezi 36. Theluthi ni 12, inabaki 24. Robo ya 24 ni 6, inabaki 18. Kwa hiyo anatoka baada ya mwaka na nusu. Kama kashakaa miezi 20 ndio huyo anatoka siku hiyo hiyo na nguo alizoingia nazo. Kama kakaa miezi mitano, yumo kwenye orodha ya "waliosamehewa" lakini bado analala ndani mwaka mzima na zaidi.

Ndio maana ile namba kubwa ya gazetini inadanganya macho. Desemba 9, 2017, Dodoma, Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 8,157. Waliotoka siku hiyo ni 1,828, waliobaki 6,329 walipunguziwa tu. Aprili 26, 2021 Rais Samia alisamehe 5,001, na kati yao 1,516 ndio waliotoka papo hapo. Desemba 9, 2019 pale Mwanza walikuwa 5,533. Sisemi ni kidogo. Kwa anayepunguziwa miezi sita hiyo ni miezi sita ya maisha yake. Nasema tu usikimbilie getini kabla hujajua wako yupo fungu gani.

Wengine wanaotajwa mara nyingi ni wagonjwa wa UKIMWI, kifua kikuu na saratani walio kwenye hali mbaya, ambao jopo la madaktari limewathibitisha, wazee wa miaka 70 kwenda juu, wajawazito na kina mama wenye watoto wanaonyonya, na wenye ulemavu.

Halafu linakuja fungu la wasiohusika, na hili ni refu kuliko la wanaohusika. Kwa kawaida wanaachwa waliohukumiwa kunyongwa na wa maisha, wa dawa za kulevya, wabakaji na wanajisi, unyang'anyi wa silaha, rushwa, ujangili, waliowapa mimba wanafunzi, waliokutwa na viungo vya binadamu, na wale ambao walishawahi kupunguziwa na msamaha mwingine. Na kuna mstari mmoja mdogo ambao watu wanaupita: wanaachwa pia walioingia gerezani baada ya tarehe fulani.

Huo mstari mdogo una kisu. Anayekaa rumande miaka miwili kesi ikiahirishwa, halafu akahukumiwa wiki chache kabla ya sikukuu, kwa karatasi za gereza yeye ni mfungwa mpya. Kisheria hakimu anatakiwa kuzingatia muda aliokaa mahabusu wakati wa kumpa adhabu, lakini foleni yake ya msamaha inaanza kuhesabiwa siku ya hukumu. Ucheleweshaji sio wake, hasara ni yake.

BABU SEYA NA PAPII KOCHA

Huwezi kuandika habari hii Tanzania ukawaruka hawa. Nguza Viking, Babu Seya, mwanamuziki, alikamatwa mwaka 2003 pamoja na wanawe watatu kwa mashtaka ya kubaka na kulawiti watoto wadogo wa shule. Mwaka 2004 mahakama ya Kisutu ikawafunga maisha wote wanne. Mahakama Kuu ikakataa rufaa 2005. Februari 2010 Mahakama ya Rufani ikawaachia wawili, ikabakiza adhabu kwa baba na Johnson Nguza, Papii Kocha. Desemba 9, 2017 Rais akawataja kwa majina uwanjani, uwanja ukalipuka, jioni wakawa nje.

Kumbuka orodha niliyoandika hapo juu. Wa maisha hawahusiki. Ubakaji hauhusiki. Lakini hiyo orodha ni ya tangazo, sio ya Katiba. Ibara ya 45 haimwekei Rais kosa la kuruka, kwa hiyo akitaka kumtoa mtu mmoja kwa jina lake anaweza. Siku hiyo hiyo walitoka pia wafungwa 61 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa, wengine wazee kabisa, na hakuna aliyewaimba.

Machi 2018, miezi mitatu baada ya msamaha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha ilisema kwenye kesi yao haki ya kusikilizwa ilivunjwa kwa sehemu, hasa kwenye kupewa maelezo ya mashahidi na kuitwa kwa baadhi ya mashahidi. Mahakama haikusema hawakutenda. Kwa upande wa pili watetezi wa watoto walilalamika kwamba msamaha ule umewapuuza watoto waliosimama mahakamani wakasema walichosema. Pande zote mbili zina hoja, na msamaha haukujibu hata moja, maana kazi yake sio kujibu.

Mimi swali langu ni jingine. Wale wawili walikuwa na nyimbo, na mashabiki hawakuacha kuwazungumzia kwa miaka 13. Ndani ya magereza yetu wapo watu wa miaka 13 ambao hata namba ya kesi yao nyumbani hawaijui. Ili jina lako lifike mezani kwa Rais lazima kuwe na mtu wa kulibeba. Huyo mtu unampata wapi kama wewe ni mpiga debe wa Mbagala?

UPELELEZI HAUJAKAMILIKA

Turudi kwa yule mama wa getini. Magereza yetu yote yamejengwa kwa watu pungufu kidogo ya 30,000. Kwa miaka mingi yamekuwa na watu zaidi ya hapo, na karibu nusu yao ni mahabusu. Yaani Rais akisimama uwanjani kutangaza msamaha anazungumza na nusu ya nyumba. Nusu nyingine inasikiliza kwa redio ya nyapara.

Kwa nini wamo ndani wakati hawajahukumiwa? Wengine wana makosa yasiyo na dhamana. Kifungu kilichojulikana kwa namba 148(5) kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinataja mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha, dawa za kulevya na mengineyo. Ukishaandikiwa moja ya hayo hakimu hana la kukusaidia hata akikuonea huruma. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Watu wakashangilia. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo na kifungu kikabaki.

Kesi ya namna hii inakwenda hivi. Unaletwa na karandinga mahakama ya chini. Unasomewa shtaka, unaambiwa usijibu lolote kwa sababu mahakama hii haina mamlaka ya kusikiliza kesi hii. Wakili wa Serikali anasimama: mheshimiwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine. Baada ya wiki mbili unaletwa tena. Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika. Dakika tatu, umerudi kwenye karandinga. Hiyo inaitwa kesi "kutajwa", na mtu anaweza kutajiwa kesi mara hamsini kabla haijasikilizwa hata siku moja.

Wengine makosa yao yana dhamana ila hawaiwezi. Hapa ndipo pesa inaanza kusema. Dhamana ni bure, hilo tunaambiwa kila siku na ni kweli, hulipi mtu. Lakini wadhamini wanatakiwa wawe na barua ya serikali ya mtaa, na kitambulisho, na mara nyingine hakimu anataka mtumishi wa serikali au mwenye mali isiyohamishika. Kijana aliyekuja mjini juzi, amepanga chumba, majirani wanamjua kwa jina la utani tu, anampata wapi mwenye hati ya nyumba? Na kama mali inayodaiwa inazidi thamani iliyowekwa kwenye sheria, inatakiwa uweke nusu yake, fedha taslimu au mali. Aliyeiba kweli anayo ya kuweka. Aliyesingiziwa hana.

Sasa fanya hesabu hii. Tuseme vijana wawili wamekamatwa siku moja, kosa moja la wizi, wote wamekosa dhamana. Wa kwanza anasema mheshimiwa ni kweli nilikosa. Anapigwa miaka miwili siku hiyo hiyo. Theluthi inatoka, sikukuu ikija na msamaha robo inatoka, baada ya mwaka mmoja yupo mtaani. Wa pili anasema sijaiba, nitathibitisha. Kesi yake inatajwa, shahidi haji, hakimu kahamishwa, inaanza upya. Mwaka unaisha, wa kwanza katoka, wa pili yumo. Misamaha miwili imepita juu ya kichwa chake. Na siku akishinda anaambiwa nenda. Hakuna fidia inayokuja yenyewe, akitaka afungue kesi ya madai, kwa wakili gani?

Hiki ndicho kinachoniuma kuliko vyote. Mfumo unampa nafuu aliyekubali kosa na kumtesa anayedai hana kosa. Mule rumande kila mtu anaijua hiyo hesabu, kwa hiyo wapo wanaokubali makosa wasiyoyatenda ili tu wapate tarehe ya kutoka.

HURUMA YA MAHABUSU IPO KWA DPP

Kama Rais hawezi kumsamehe mahabusu, anayeweza kumtoa ni nani? Ni mahakama, au ni DPP akifuta kesi. Na DPP anapofuta, halazimiki kueleza sababu. Tuangalie mifano mitatu ambayo kila mtu anaikumbuka.

Masheikh wa Uamsho kutoka Zanzibar, akiwemo Sheikh Farid Hadi Ahmed na Sheikh Mselem Ali Mselem, walishtakiwa Dar es Salaam mwaka 2014 kwa ugaidi. Juni 2021 DPP akafuta. Miaka saba, na hakuna hukumu. Freeman Mbowe, wakati huo Mwenyekiti wa CHADEMA, alikamatwa Julai 2021, naye ugaidi, Machi 4, 2022 DPP akafuta. Miezi isiyofika minane. Sisemi Mbowe alikaa kidogo, siku moja rumande kwa kosa lisilothibitishwa ni nyingi. Nasema kosa moja la kwenye karatasi, tofauti ya miaka sita na zaidi, na tofauti hiyo haikutoka kwenye ushahidi, maana wote ushahidi haukufika mwisho.

Mfano wa tatu ni wa vijana kama sisi. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 vijana kwa mamia walikamatwa na wengi wakafunguliwa kesi za uhaini, kosa lisilo na dhamana. Novemba 14, 2025 Rais Samia akihutubia Bunge Dodoma alivielekeza vyombo vya sheria, na hasa ofisi ya DPP, viangalie upya makosa ya vijana hao, kwamba wapo waliofuata mkumbo. Siku zilizofuata makundi kwa makundi yakaanza kuachiwa mikoani. Angalia njia iliyotumika. Haikuwa Ibara ya 45, hawakuwa wamehukumiwa. Ilikuwa ni DPP. Kwa hiyo huruma kwa mahabusu inawezekana, tena haraka. Inatakiwa tu kesi yako iwe inaangaliwa na nchi nzima.

Hata kabla ya hapo tuliona. Julai 2019 Rais Magufuli aliingia Butimba, Mwanza, akasikiliza mahabusu wenyewe wakieleza. Muda si mrefu DPP akafuta kesi za mamia ya watu kule. Safi. Lakini ziko gereza ngapi ambazo Rais hajaingia?

WENYE NACHO

Septemba 2019 Rais Magufuli alitoa siku kadhaa kwa washtakiwa wa uhujumu uchumi waliotaka kukiri na kurudisha fedha. Mtaani ikaitwa msamaha. Kisheria ilikuwa ni makubaliano na DPP, kitu kilichoingizwa kwenye sheria mwaka huo huo. Mwisho wa mwezi DPP alipeleka taarifa kwamba washtakiwa 467 wameandika barua za kukiri na wako tayari kurudisha shilingi bilioni 107.8. Nchi kupata fedha zake ni jambo jema. Ila mlango wenyewe unafunguliwa kwa fedha. Mwenye bilioni anaongea na DPP, mwenye deni la laki tatu anaongea na nyapara.

Na mlango huo hauulizi kama ulikosa kweli. Mwandishi Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019, akashtakiwa utakatishaji fedha na ukwepaji kodi, hakuna dhamana. Mama yake mzazi akafariki yeye akiwa ndani. Februari 2020 akatoka kwa makubaliano, baada ya kutakiwa kulipa zaidi ya shilingi milioni 270 kwa ujumla. Kesi haikusikilizwa kwa mashahidi. Alikosa au hakukosa? Hatutajua, hiyo ndiyo shida.

Nyingine hii huwa inanichekesha na kuniudhi pamoja. Tanzania ina Sheria ya Huduma kwa Jamii tangu 2002. Mwenye kifungo kisichozidi miaka mitatu anaweza kutumikia nje kwa kufanya kazi za umma bila malipo. Wangapi kitaani wanaijua? Wengi tuliisikia Februari 2016, pale mawaziri wa zamani Basil Mramba na Daniel Yona, waliofungwa 2015 kwa matumizi mabaya ya madaraka yaliyoisababishia serikali hasara ya shilingi bilioni 11.7, walipotolewa gerezani kwenda kufanya usafi hospitali ya Palestina, Sinza. Watu walienda kupiga picha. Hawakufanya kosa lolote kuitumia, sheria ni yao na ni yetu. Ila aliyeiba kuku alikaa gerezani miaka yote hiyo bila mtu wa kumwambia kwamba naye angeweza kufagia Sinza.

WENZETU KENYA

Kwa kuwa watu hupenda kulinganisha, nagusa tu. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 133, inamtaka Rais atoe msamaha kwa ushauri wa kamati maalum, na mfungwa yeyote anaweza kupeleka ombi lake. Ibara ya 49 inasema aliyekamatwa ana haki ya dhamana isipokuwa kuna sababu nzito, hata kosa liwe kubwa. Na mwaka 2009 Rais Kibaki kwa mkupuo mmoja aligeuza adhabu za kifo za watu zaidi ya 4,000 kuwa maisha. Magereza yao nayo yamejaa, na kesi zao nazo zinachelewa, kwa hiyo tusidhani karatasi inamaliza kazi. Lakini kosa lenye dhamana kwa hakimu na kosa lisilo na dhamana kabisa ni vitu viwili tofauti kwa mtu aliyelala chini.

NINI KIMEBADILIKA

Vipo, tusiwe watu wa kulalamika tu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria na kuwapa nafasi ya kuwafikia walio magerezani. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili kesi isipelekwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Ingekuwa dawa kamili, ila makosa makubwa yameachwa nje, na hayo makubwa ndiyo yasiyo na dhamana. Na Julai 2023 Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake kwa Rais, ikizungumzia mambo haya haya ya kukamata kabla ya kupeleleza na msongamano. Ripoti ipo. Itafute uisome, ni ya umma.

KAMA NDUGU YAKO YUMO

Haya ni ya kuandika kwenye daftari.

Jua kwanza yeye ni mahabusu au mfungwa. Usiulize mtaani, uliza gerezani au masjala ya mahakama, na uandike namba ya kesi, jina la mahakama na tarehe inayofuata. Bila namba ya kesi hakuna wakili wala msaidizi wa kisheria atakayeweza kukusaidia haraka.

Kama ni mahabusu, acha kusubiri msamaha, haumhusu. Nguvu peleka kwenye dhamana kama ipo, na ukishindwa masharti omba mahakama iyalegeze, hilo linaruhusiwa na watu hawaombi. Kama kosa halina dhamana, andika barua kwa ofisi ya Mashtaka ya mkoa ukieleza amekaa muda gani na kesi imetajwa mara ngapi. Weka tarehe zote. Bakiza nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Kama kahukumiwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, rufaa kwenda Mahakama Kuu inaanza na kutoa taarifa ya kusudio ndani ya siku 10, halafu sababu za rufaa ndani ya siku 45, bila kuhesabu siku za kusubiri nakala ya hukumu. Kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30. Mfungwa anaweza kufanya haya yote kupitia mkuu wa gereza, haihitaji wakili. Siku zikipita omba kuongezewa muda na useme sababu.

Kama kifungo hakizidi miaka mitatu, uliza kwa jina kabisa kuhusu Huduma kwa Jamii. Kama ni kirefu, uliza kuhusu parole.

Ombi la msamaha la mtu mmoja mmoja nalo linapitia kwa mkuu wa gereza. Liambatanishwe na nakala ya hukumu, na kama ni mgonjwa, vyeti vya hospitali, sio maelezo ya mdomo. Mtu akija nyumbani kusema ana ndugu Ikulu au Magereza, mpeni laki mbili jina liingie kwenye orodha, huyo ni tapeli. Orodha haiuzwi, na fomu yoyote ya kulipia haipo. Mpeleke polisi, au angalau mfukuze kabla mama hajauza kitanda.